Sarafu tisa si hazina, kumi ni hazina

*Chenji ya shaba ya Waroma inawagombanisha wanaakiolojia, wakusanyaji na serikali. Wanachogombea ni zaidi ya sura za makaisari.*

NA MWANDISHI WETU

APRILI 2010, kwenye shamba moja karibu na mji wa Frome, kusini-magharibi mwa Uingereza, mpishi wa hospitali aliyekuwa akipita na mashine yake ya kutambua vyuma alisikia mlio uliomtia shaka. Akachimba. Kwenye kina cha sentimita 35 hivi akakuta vigae vya chungu na sarafu ndogo zilizoshikwa na kutu ya kijani.

Angeweza kuzizoa, akajaza ndoo na kwenda zake. Hakufanya hivyo. Aliacha kuchimba, akafukia shimo na kuwaita wanaakiolojia.

Walipofika walikuta mtungi wa kimo cha sentimita 60 umejaa sarafu hadi shingoni. Hesabu ilipokamilika zilikuwa 52,503, zenye uzito wa kilo 160. Ukiondoa chache za fedha, nyingine zote zilikuwa za shaba iliyotiwa fedha kidogo sana, chenji ya kila siku ya karne ya 3 baada ya Kristo.

Mtungi ulikuwa umepasuka, haungeweza kunyanyuliwa mzima. Ikabidi sarafu zitolewe tabaka kwa tabaka papo hapo shimoni, kila fungu na mfuko wake. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyotoa habari kubwa kuliko zote.

Sarafu mpya kabisa mle ndani zilikuwa za Carausius, kamanda wa majini aliyejitangaza kaisari wa Britania mwaka 286. Kama mtungi ungejazwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, sarafu za Carausius zingekuwa juu. Nyingi zilikutwa chini ya nusu. Maana yake mtungi ulijazwa kwa mkupuo mmoja.

Tena mtungi wenyewe ulikuwa mwembamba mno kubebwa na mzigo ule. Lazima ulitangulia kufukiwa, ndipo sarafu zikamiminwa, na aliyetaka kuzirudisha zote angelazimika kuuvunja. Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu wa Makumbusho ya Uingereza wanaamini kwamba haikuwa akiba ya mtu mwoga wa wezi, bali sadaka kwa miungu.

Kama sarafu zile zingezolewa kwa ndoo, kila sura na kila maandishi yangebaki palepale. Ni swali la akiba au sadaka ambalo lisingeulizwa na mtu yeyote.

> Sarafu inaweza kusafirishwa, kuuzwa na kupigwa picha tena. Shimo ilimotoka halihamishiki.

Sheria inayohesabu kwa vidole

Kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayotumika England, Wales na Ireland Kaskazini, sarafu mbili za dhahabu au fedha zenye umri wa zaidi ya miaka 300, zikipatikana pamoja, ni hazina. Ni lazima zitolewe taarifa, na makumbusho hupewa nafasi ya kwanza ya kuzinunua. Fedha inayolipwa hugawanywa kati ya aliyeziona na mwenye shamba.

Sarafu za shaba zina kipimo kingine. Hizo hazina hadhi ya hazina mpaka zifike kumi. Zikiwa tisa, kuzitolea taarifa ni hiari ya aliyeziokota.

Mtungi wa Frome uliivuka kumi mara elfu kadhaa. Mwaka 2011 Makumbusho ya Somerset yaliununua kwa pauni 320,250. Lakini sehemu kubwa ya shaba ya Kiroma inayotoka ardhini haitoki mtungini. Inatoka moja moja, pale ilipomdondoka mtu sokoni, njiani au kambini.

Hapo ndipo penye utata wenyewe. Dhahabu na fedha zinaeleza habari za hazina ya kaisari, mishahara ya majeshi na biashara ya mbali. Shaba inaeleza habari za mnunua mkate. Na hiyo ndiyo ambayo sheria imeipa ulinzi mdogo kuliko zote.

Kutoka omo ya merikebu hadi sura ya kaisari

Waroma wa kale walinunua na kuuza kwa mabonge ya shaba yasiyo na alama yoyote, yakipimwa kwenye mizani. Yakafuata mapande marefu yenye michoro: fahali, tembo, nguruwe jike.

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo zikaja sarafu nene za duara zilizomiminwa kwenye kalibu. Kubwa yao iliitwa *as*, nayo mwanzoni ilikuwa na uzito wa ratili nzima ya Kiroma, zaidi ya gramu 300. Upande mmoja alikaa Janus, mungu wa nyuso mbili. Upande wa pili ilichorwa omo ya merikebu ya vita.

Zile ndogo zilikuwa na miungu wengine: nusu ilikuwa na Saturnus, theluthi Minerva, robo Hercules, sudusi Mercurius. Mgongoni zote zilibeba omo ileile, na alama za kuonyesha thamani. Asiyejua kusoma hakupunjika.

Watoto wa Roma walizirusha juu wakibishana kama itaanguka kichwa au meli. Mwandishi Macrobius, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 5 baada ya Kristo, bado anautaja mchezo huo, wakati sarafu zenyewe zilikuwa zimeacha kutumika karne nyingi nyuma.

Kaisari Augusto aliupanga upya mfumo mzima. *Sestertius* ikawa ya shaba ya manjano, yaani shaba na zinki, na *as* ikabaki ya shaba tupu. *As* nne zilikuwa *sestertius* moja, na *sestertius* nne zilikuwa dinari moja ya fedha.

*Sestertius* ilikuwa sarafu ya kushika ukahisi umeshika kitu: upana wa sentimita tatu na nusu hivi, uzito wa gramu 25. Fundi alikuwa na uwanja wa kutosha, na aliutumia.

Enzi ya Nero alichora bandari ya Ostia kama ionekanavyo kutoka juu, vyombo vimetia nanga katikati ya gati. Mwaka 80, Tito alipozindua ukumbi wa Colosseum, sarafu ilionyesha matao ghorofa kwa ghorofa, na ndani watazamaji waliorundikana kama nukta.

Hadriano alizichora nchi za dola lake kwa umbo la wanawake. Mmoja wao ni Africa, jimbo la kaskazini ambalo leo ni Tunisia na majirani zake. Amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umenyooka mbele ya paji la uso, na mkononi ameshika nge.

Ipo moja inayowaumiza wengi hadi leo. Katikati umesimama mtende uliozaa vichala viwili. Upande mmoja amesimama mateka, mikono nyuma. Upande wa pili ameketi mwanamke, kichwa ameinamisha juu ya kiganja. Maandishi yanasema: IVDAEA CAPTA, Yudea imetekwa. Vespasiano alianza kuitoa mwaka 71, mwaka mmoja baada ya Yerusalemu kuteketezwa.

Je, kuna aliyezitazama?

Swali linaonekana rahisi, lakini limewagawa wasomi kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1956 mwanahistoria wa Uingereza A. H. M. Jones alitilia shaka kwamba Mroma wa kawaida alijali picha za sarafu. Alizifananisha na stempu za barua za siku hizi: zinaeleza kidogo kuhusu fikra za waliozitoa, wala si ushahidi wa kilichomgusa mwananchi.

C. H. V. Sutherland, mtaalamu wa sarafu, alimjibu miaka mitatu baadaye. Kama picha hazikuwa na wa kuzitazama, aliuliza kwa hoja ndefu, kwa nini Roma ilihangaika kuzibadilisha mara kwa mara?

Historia inampa Sutherland mashahidi. Mwandishi Cassius Dio anasimulia kwamba mwaka 43, baada ya Caligula kuuawa, Seneti iliamuru sarafu zote za shaba zenye sura yake ziyeyushwe. Kwa mujibu wake, shaba hiyo ilimwendea Messalina, mke wa kaisari mpya, naye akaitengenezea sanamu za mwigizaji aliyempenda.

Shahidi wa pili anatoka Yerusalemu. Maliwali wa kwanza wa Kiroma walitoa vijisarafu vya shaba vyenye mtende, suke la shayiri na jani la mzabibu, picha zisizomkwaza Myahudi. Pontio Pilato akageuza. Katika miaka ya 29 hadi 31 alichora kata ya kumiminia divai ya tambiko, na fimbo iliyopinda ya mtabiri wa Kiroma.

Je, alikusudia kuchokoza, au hakufikiria tu? Wasomi wamegawanyika. Kisicho na ubishi ni kwamba vijisarafu hivyo, vyenye upana wa sentimita moja na nusu, ndivyo vilivyopita mikononi mwa watu wa tabaka la yule mjane wa Injili ya Marko, ambaye senti zake mbili mwinjili anazilinganisha na *quadrans* moja, sarafu ya shaba iliyo ndogo kuliko zote za Roma.

Shahidi wa tatu ndiye mzito. Mwaka 132 Wayahudi wakiongozwa na Bar Kokhba waliasi. Hawakuchimba shaba mpya. Walichukua sarafu za adui, wakasugua uso wa kaisari kwa tupa, wakapiga juu yake chapa za mzabibu, mtende na maandishi ya ukombozi. Kwenye baadhi yake bado unaiona pua au kisogo cha kaisari kimechungulia chini ya jani.

> Mtu hasugui kwa tupa picha asiyoijali.

Mahali huipa picha maana

Hata hivyo, mabishano haya hayawezi kumalizwa kwa kuangalia sarafu peke yake. Inahitajika kujua ilidondoka wapi.

Mwaka 154 na 155 Antoninus Pius alitoa *as* yenye Britannia, nchi ya Britania kwa umbo la mwanamke, ameketi juu ya mwamba, kichwa amekiegemeza kama aliyechoka. Kwa picha tu ungedhani Roma nzima ilitangaziwa ushindi.

Ramani inasema vingine. Sarafu hizo zinapatikana kwa wingi Britania kwenyewe. Kwenye kisima cha Coventina, mungu wa kike aliyeabudiwa Carrawburgh kando ya Ukuta wa Hadriano, wachimbaji wa mwaka 1876 walipata zaidi ya sarafu 13,000 zilizotupwa kama sadaka. Zaidi ya 300 kati yake zilikuwa hizo za Britannia. Picha ya jimbo lililoinamisha kichwa ilipelekwa kwa wakazi na askari wa jimbo lilelile.

Fleur Kemmers, mtafiti wa sarafu, alifanya kazi ya namna hiyo kwa kambi ya jeshi la Kiroma ya Nijmegen, Uholanzi, katika kitabu chake cha 2006. Alilinganisha shaba iliyopatikana kwa askari wa mpaka wa mto Rhine na ile ya sehemu nyingine, na akaonyesha kwamba picha hazikugawanywa kiholela. Askari walipelekewa zaidi picha za vita na ushindi.

Hiki ndicho ambacho Jones hakuwa nacho mwaka 1956: mahali. Shaba ina thamani ndogo, haisafiri mbali, na mtu aliyeiangusha hainami kuitafuta hadi usiku. Inabaki pale ilipotumika.

Wakusanyaji nao wana lao

Wakusanyaji huchoshwa na kuitwa wezi. Wanakumbusha kwamba elimu ya sarafu ilijengwa na watu kama wao, karne nyingi kabla chuo kikuu chochote hakijafundisha akiolojia. Sarafu za shaba zilitolewa kwa mamilioni, wanasema, na makumbusho yana madroo yaliyojaa ambayo hayajawahi kufunguliwa mbele ya umma.

Wana hoja nyingine nzito zaidi. Mkulima anapolima kwa trekta na kumwaga mbolea ya chumvichumvi, sarafu iliyo juujuu inaliwa mwaka hadi mwaka. Afadhali iokolewe na mpenzi wa historia kuliko ioze.

Uingereza imejaribu kuwapatanisha. Tangu 1997 unaendeshwa mpango wa kuandikisha vitu vya kale, Portable Antiquities Scheme, ambapo mwenye mashine hupeleka alichookota kikapimwa, kikapigwa picha, mahali kilipotoka pakaandikwa, kisha akarudishiwa. Kumbukumbu zake zimepita vitu milioni moja. Sarafu za Kiroma zimejaa humo, nyingi zikiwa zile za moja moja ambazo sheria ya hazina haizigusi.

Wakosoaji wanajibu kwamba mpango unaotegemea hiari unamfikia mwaminifu tu. Wapo wanaoingia usiku kwenye maeneo yaliyolindwa, na hao hawaandikishi chochote.

Nenda Bulgaria uone hasara yenyewe. Ratiaria, mji wa Kiroma kando ya mto Danube, umefukuliwa na wezi tangu utawala wa Kikomunisti ulipoanguka, mara nyingine kwa matingatinga. Leo ni uwanja wa mashimo.

Shaba kutoka nchi za Balkani huuzwa kwenye intaneti kwa kilo, ikiwa na udongo wake. Mnunuzi huiloweka katika mafuta ya zeituni kwa majuma kadhaa, kisha huichokoa kwa sindano mpaka sura itokee. Sura inatoka kweli. Udongo, ambao ungeweza kueleza ilikotoka, unamwagwa kwenye sinki.

Serikali kila moja na lake

Italia ilishakata shauri mwaka 1909: kinachochimbuliwa ni mali ya taifa, kiwe kimoja au elfu. Kuhesabu hadi kumi hakupo.

Januari 2011 Marekani, kwa mapatano yake na Italia ya mwaka 2001, iliongeza sarafu katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuingizwa bila hati. Mabonge ya shaba, mapande yenye michoro na sarafu nene zenye omo ya merikebu ziliingia. Sarafu za makaisari ziliachwa, kwa kuwa zilizunguka dola lote na ni vigumu kusema kwamba hii ni ya Italia, ile si ya Italia.

Wakusanyaji walikuwa wameshaanza kupambana. Aprili 2009 chama cha Ancient Coin Collectors Guild kiliingiza makusudi Baltimore sarafu 23 za China na Kipro ili forodha wazikamate na kesi ifunguliwe. Zilikamatwa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaipa serikali ushindi.

Kiini cha kesi hiyo kinafanana na cha Frome. Sarafu 23 hazikuwa na maelezo ya zilikopatikana. Kwa wakusanyaji, kukosa maelezo si kosa, maana ndivyo sarafu nyingi zilivyo. Kwa wanaoilinda historia, huko kukosa ndiko kosa lenyewe.

Bur Gavo: somo la pwani yetu

Msomaji wa Mombasa au Tanga anaweza kudhani ugomvi huu haumhusu. Unamhusu tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Enzi hizo kapteni Mwingereza C. W. Haywood alifika Port Durnford, leo Bur Gavo, kusini mwa Somalia, na kurudi na sarafu za kale. Zilikuwemo za wafalme wa Misri wa ukoo wa Ptolemaio na za Roma, lakini pia za Misri ya Kiislamu za karne nyingi baadaye. Habari zake zilichapishwa baada ya miaka mingi.

Zingeweza kuwa ushahidi mkubwa. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1, *Periplus ya Bahari ya Erithrea*, kinaitaja bandari ya Rhapta kwenye pwani hii, na hadi leo wataalamu wanabishana ilikuwa wapi. Sarafu za Roma zilizotoka kwenye tabaka linalojulikana zingewapa pa kuanzia.

Ila hakuna tabaka. Neville Chittick, mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya utafiti wa historia na akiolojia Afrika Mashariki, alipoikagua pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuona mabaki ya umri huo. Je, sarafu zilizikwa pale na wafanyabiashara wa kale, au zilikusanywa na mtu wa juzi? Hakuna anayeweza kuthibitisha, kwa hiyo haziwezi kutumika.

Linganisha na sarafu moja ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, iliyopatikana Great Zimbabwe. Haina picha ya mtu wala mnyama, ni maandishi matupu. Hata hivyo, imefunga uhusiano kati ya Kilwa na nyanda za dhahabu kwa sababu mahali ilipotoka panajulikana.

> Lundo la Bur Gavo lina makaisari na halithibitishi kitu. Sarafu moja ya Kilwa haina sura, na imeandika historia.

Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechapisha habari za shanga za kioo alizozichimbua eneo la Rufiji, ambazo anazihusisha na biashara ya dunia ya Waroma. Tafsiri yake inaweza kubishaniwa, na ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa shanga zilitoka kwenye shimo lililopimwa na kuchorwa. Mjadala una mahali pa kusimama.

Moja inatosha

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 haina habari ya kumi. Kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinahesabika kuwa cha kale, na anayekiona anatakiwa kutoa taarifa. Sarafu moja ya shaba, hata iliyosagika sura isitambulike, imo.

Kwa maandishi tumewazidi Waingereza. Kwa vitendo tumewategemea wakulima, wavuvi na wachimbaji wadogo, ambao sasa wengi wao wanatembea na mashine zilezile za kutambua vyuma wakitafuta dhahabu. Wengi hawajawahi kusikia kwamba sheria hiyo ipo, na wanaoisikia huogopa kwamba taarifa itawaletea polisi na shamba kuzuiwa.

Mpishi wa Frome aliacha kuchimba akijua kwamba akitoa taarifa atalipwa na atasifiwa. Kwa hiyo swali kwa wizara husika za Afrika Mashariki si sheria ni kali kiasi gani. Ni kama anayeinua jembe Rufiji au Bur Gavo, akaona kijiduara cha kijani udongoni, anamjua wa kumpigia simu, na kama akipiga atakuwa amepata faida au hasara. Mpaka jibu liwe faida, tutaendelea kupokea sura za makaisari bila kujua zilitufikiaje.